Virusi vya saratani na ulinzi wa DNA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara saratani inapozungumzwa Dar es Salaam: kliniki, darasani, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, hata kwenye foleni ya daladala. Mengine yanaulizwa na wagonjwa, mengine na wanafunzi wa biolojia. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowakwaza hata waliosoma. Mwenye haraka arukie namba anayoihitaji; jibu likitegemea jingine, limetajwa.

## Misingi

1. Je, saratani inaambukiza?

Hapana. Huipati kwa kumuuguza mgonjwa, kula naye sahani moja wala kumfulia nguo. Kinachoambukiza ni baadhi ya virusi, na virusi hivyo vikikaa mwilini miaka mingi vinaweza kuiacha seli moja kati ya mamilioni ikiwa imeharibika kiasi cha kugawanyika bila breki. Seli hiyo ni ya mgonjwa mwenyewe, wala haihamii kwa mtu mwingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu bado kuna nyumba ambazo mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anatengewa kikombe chake. Hakuna msingi wowote wa kufanya hivyo.

2. Ni virusi gani vinavyosababisha saratani kwa binadamu?

Vinavyotajwa kwa kawaida ni saba. HPV, yaani kirusi cha papiloma cha binadamu, huleta saratani ya mlango wa kizazi, na pia ya njia ya haja kubwa, uume, uke na koo. Virusi vya homa ya ini aina ya B na C huleta saratani ya ini. Kirusi cha Epstein-Barr, EBV, kinahusishwa na limfoma ya Burkitt (saratani ya seli za kinga) na saratani ya nyuma ya pua. HHV-8 husababisha saratani ya Kaposi. HTLV-1 huleta aina moja ya saratani ya damu kwa watu wazima. Cha saba ni kirusi cha polioma cha Merkel, kilichogunduliwa mwaka 2008, ambacho husababisha saratani adimu ya ngozi.

Kwa hesabu za mwaka 2018, takriban saratani mpya milioni 2.2 duniani, yaani 13 katika kila 100, zilitokana na maambukizi. Si zote za virusi: kinara ni bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, kisha HPV, halafu homa ya ini B na C. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa kuliko wastani wa dunia. VVU navyo vimo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, ila njia yake ni nyingine. Tazama swali la 12.

3. "Ulinzi wa DNA" ni kitu gani hasa?

DNA ni maandishi marefu ya kemikali yanayoiambia seli ifanye nini, na maandishi hayo yanaharibika kila siku. Jua la saa saba mchana, moshi wa sigara, kemikali zinazozalishwa na seli yenyewe inapotumia oksijeni, makosa ya kunakili: vyote vinaacha alama. Kila seli hupata majeraha makumi ya maelfu kwa siku, na karibu yote hurekebishwa bila sisi kujua.

Kazi hiyo inafanywa na mtandao wa protini. Zipo zinazogundua jeraha. Protini iitwayo ATM (si ile ya kutolea pesa) hushtuka pale nyuzi zote mbili za DNA zinapokatika, na mwenzake ATR hushtuka pale unakili unapokwama na uzi mmoja kubaki wazi. Hizi hupitisha habari kwa wajumbe, hasa Chk1 na Chk2, na habari hiyo hufika kwa p53, protini inayoamua seli ifanye nini. Hapo seli huwa na njia tatu: kusimama kwanza, kujirekebisha, au kujiua ikiwa uharibifu hauponi.

Ukarabati una mafundi wake, kila mmoja na jeraha lake. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kueleza jinsi baadhi yao wanavyofanya kazi.

4. Kirusi kinataka kuzaliana tu. Kwa nini kihangaike na ulinzi wa DNA?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, na jibu linalosambaa, kwamba "virusi vinazima ulinzi", ni nusu tu ya ukweli.

DNA ya kirusi ikiingia kwenye kiini cha seli inafanana na kitu kilichovunjika. Ina ncha zilizo wazi, au inanakiliwa kwa kasi isiyo ya kawaida, au inailazimisha seli iliyokwisha kupumzika ianze tena kunakili DNA. Yote hayo yanapiga king'ora. Kirusi kisiponyamazisha king'ora hicho, seli itasimama au itajiua, nacho kitakufa nayo.

Lakini virusi vingi vyenye DNA ni vidogo mno. HPV ina herufi 8,000 hivi, kirusi cha homa ya ini B kina 3,200 tu, wakati seli ya binadamu ina zaidi ya bilioni tatu. Nafasi hiyo haitoshi kubeba vifaa vyote vya kunakili na kuunganisha DNA, kwa hiyo kirusi hutumia vya seli. Na vifaa bora vya kuunganisha DNA viko kwa mafundi wale wale wanaoitwa na king'ora. Ni kama mpangaji anayetaka fundi wa mwenye nyumba aje usiku kumfanyia kazi yake, lakini hataki mlinzi wa getini aamke. Kwa hiyo kirusi huwasha sehemu moja ya ulinzi na kuzima nyingine.

Saratani haikisaidii kirusi. Seli ya saratani mara nyingi haizalishi hata kirusi kimoja kipya. Ni hasara inayotokea pembeni pale seli inapobaki hai, inagawanyika, na ulinzi wake umevurugwa.

5. p53 inatajwa kila mahali. Ilijulikanaje?

Kupitia kirusi. Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, wakiwemo David Lane na Arnold Levine, yalikuwa yakichunguza SV40, kirusi cha nyani kinachosababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara. Walikuta protini kubwa ya kirusi hicho imeng'ang'aniana na protini ya seli isiyojulikana. Protini hiyo ndiyo p53. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kuwa inachochea saratani, hadi ilipobainika kwamba kazi yake ni kuizuia. Leo tunajua jeni yake imeharibika katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu.

## HPV na mlango wa kizazi

6. HPV inafanya nini ndani ya seli?

Kirusi huingia kupitia mchubuko mdogo na kufikia seli za chini kabisa za ngozi laini, zile zinazogawanyika. Hapo hukaa kimya kwa nakala chache. Seli hizo zinapopanda juu zinatakiwa kuacha kugawanyika, kukomaa, kisha kubanduka. Hilo linakikwamisha kirusi, kwa sababu seli iliyoacha kugawanyika imefunga pia karakana yake ya kunakili DNA.

Protini ya HPV iitwayo E7 hutatua tatizo hilo. Inaikamata protini ya seli iitwayo Rb, ambayo ndiyo breki ya kugawanyika, na kuiondoa njiani. Seli inarudi kazini bila kutaka. Kurudishwa kazini kwa nguvu namna hiyo kunaiamsha p53, na hapo inaingia E6. Haipigani na p53 uso kwa uso. Inaishika protini nyingine ya seli, E6AP, na pamoja zinaibandika p53 alama ya taka, kisha mashine ya seli ya kusaga protini zilizochoka inaisaga. Seli inaendelea kutengeneza p53 mpya na inaendelea kusagwa. E6 pia huwasha telomerasi, kimeng'enya kinachoiwezesha seli kuendelea kugawanyika bila kuchoka.

Wakati huo huo HPV inaiwasha ATM makusudi. Cary Moody na Laimonis Laimins walionyesha mwaka 2009 kwamba ukiizuia ATM, HPV haiwezi kujizidisha katika seli zinazokomaa, ingawa nakala zake chache za chini hubaki salama. Mafundi wa ukarabati, wakiwemo RAD51 na BRCA1, hukutwa wamekusanyika pale kirusi kinaponakiliwa. Ndiyo, BRCA1 ile ile inayotajwa kwenye saratani ya matiti ya kurithi. DNA ya kirusi hupata huduma kwanza, na kromosomu za seli, yaani vifurushi vya DNA yake yenyewe, zinabaki na mipasuko inayosubiri.

Hatua mbaya zaidi hutokea pale DNA ya kirusi, ambayo kwa kawaida ni duara linaloelea peke yake, inapokatika na kujichomeka ndani ya kromosomu. Mara nyingi katika kukatika huko jeni iitwayo E2 hupotea, na E2 ndiyo inayozidhibiti E6 na E7. Baada ya hapo hizo mbili hutengenezwa kwa wingi, bila mpango na bila kikomo.

7. Kama HPV ni hatari hivyo, kwa nini watu wengi hawapati saratani?

Kwa sababu kinga ya mwili huiondoa. Karibu maambukizi tisa kati ya kumi hutoweka au kudhibitiwa ndani ya miaka miwili, na aina nyingi za HPV hazina E6 na E7 zenye makali hayo. Aina ya 16 na 18 peke yake hubeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Hata kwa mwenye maambukizi yasiyotoka, E6 na E7 peke yake hazitoshi. Zinafungua mlango tu. Seli inahitaji kukusanya makosa mengine kwenye jeni zake, moja baada ya jingine, na hilo huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri. Muda huo mrefu ndio unaoufanya uchunguzi wa awali kuwa na maana.

8. p53 ikishasagwa, imepotea moja kwa moja?

Hapa kuna jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa udaktari. Katika saratani nyingi za mapafu au utumbo mpana jeni ya p53 yenyewe imeharibika. Katika saratani nyingi za mlango wa kizazi jeni ni nzima. Protini ndiyo inayosagwa kila inapotengenezwa.

Ushahidi mzuri uko kwenye seli za HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mwanamke wa Marekani, bila ridhaa yake. Zina HPV ya aina ya 18 na zimekuzwa maabara duniani kote kwa zaidi ya miaka 70. Watafiti wakizirudishia E2, E6 na E7 hunyamaza, p53 hurudi, na seli zilizogawanyika miongo yote hiyo husimama. Bado haijapatikana dawa ya hospitali inayofanya hivyo ndani ya mgonjwa, lakini ndiyo sababu E6 na E7 zinawindwa na maabara nyingi.

9. Je, wanaume hawahusiki?

Wanahusika. Wanabeba HPV, wanaiambukiza, na wao pia hupata saratani za uume, njia ya haja kubwa na koo. Tohara hupunguza uwezekano wa kubeba aina hatari, haiondoi kabisa.

## Ini, taya na ngozi

10. Homa ya ini B na mahindi yenye ukungu vinahusianaje?

Vinahusiana sana, na kwa nchi inayokula ugali na karanga hili si jambo dogo.

Kirusi cha homa ya ini B kikiingia kwenye seli ya ini, DNA yake ina pengo. Si duara kamili. Kinaitegemea seli ilizibe pengo hilo kwa mafundi wake wa ukarabati, na matokeo yake ni duara lililofungwa sawasawa ambalo hukaa kwenye kiini kwa miaka. Seli inajaribu kujitetea kwa kundi la protini liitwalo Smc5/6, ambalo hulibana duara hilo lisifanye kazi. Kirusi hujibu kwa protini yake ya HBx: inaiteka DDB1, ambayo kwa kawaida hushiriki kutambua DNA iliyojeruhiwa, na kuitumia kuisagisha Smc5/6. Lakini Smc5/6 ndiyo pia inayosaidia kutunza kromosomu za seli. Kirusi kinajiokoa, seli inapoteza kifaa.

Vipande vya DNA ya kirusi hujichomeka pia kwenye kromosomu za ini, mara nyingi karibu na jeni ya telomerasi. Juu ya hayo kuna uvimbe wa kudumu wa ini, si wa saratani bali wa ini lenyewe kuwaka kwa maambukizi: seli zinakufa, nyingine zinagawanyika kuziba nafasi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa.

Sasa ongeza sumukuvu. Mahindi au karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa aflatoksini, ambayo ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayojibandika kwenye DNA. Ina alama yake inayotambulika: badiliko katika nafasi ya 249 ya p53. Mtu mwenye homa ya ini B anayekula sumukuvu ana hatari kubwa zaidi kuliko anayekabiliwa na kimojawapo tu, kwa sababu kirusi kinazigawanya seli kabla majeraha ya sumu hayajarekebishwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa kuharibu ini ghafla. Madhara ya kiasi kidogo cha kila siku hayatangazwi redioni.

Mtoto anachanjwa homa ya ini B akiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya chanjo ile ya magonjwa matano. Mtu mzima anaweza kupimwa damu, na asiye na kirusi achanjwe.

Homa ya ini C ni habari nyingine. Kirusi chake kina RNA badala ya DNA, hakiingii kwenye kiini wala kujichomeka kwenye kromosomu. Madhara yake hutokana zaidi na uvimbe wa muda mrefu na kemikali zinazounguza DNA. Kina dawa zinazokiponya kabisa; aina ya B ina dawa za kuidhibiti tu.

11. Kwa nini limfoma ya Burkitt inawapata watoto wa huku, wakati EBV iko dunia nzima?

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana EBV, na wengi hawatajua maisha yao yote. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliueleza uvimbe huu wa taya kwa watoto mwaka 1958, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi kwenye seli zake. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza cha saratani ya binadamu kugunduliwa. Lakini ramani ya uvimbe ilifuata ramani ya malaria kali: maeneo ya joto na mvua, mwambao na kandokando ya maziwa.

EBV huishi ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Inapoziingia huzikimbiza zigawanyike haraka sana, ATM na Chk2 hushtuka, na seli nyingi husimama. Chache hupita, kwa msaada wa protini ya kirusi iitwayo EBNA3C inayoupunguza mshtuko huo.

Malaria inaongeza la kwake. Seli B zina kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kukata na kubadili jeni za kingamwili ili zikilenge vizuri kijidudu. Ni kitu cha pekee: mwili unajeruhi DNA yake kwa makusudi. Malaria ya mara kwa mara huifanya AID ifanye kazi kupita kiasi, nayo ikikosea shabaha inakata jeni nyingine. Ikiikata MYC, jeni ya kukuza seli, kipande hicho kinaweza kuunganishwa kwenye kromosomu ya kingamwili na kuwashwa moja kwa moja. Kwa kawaida seli yenye kosa hilo ingejiua. EBV inaisaidia isife.

Mzazi akiona taya au tumbo la mtoto linavimba kwa kasi ya siku chache, asingoje jino ling'olewe kwanza. Ampeleke hospitali upesi: uvimbe huu unakua haraka, na pia unasikia dawa vizuri.

12. VVU havivunji DNA. Kwa nini wenye VVU wanapata saratani zaidi?

VVU hujichomeka kwenye kromosomu, lakini seli kinazozishika mara nyingi hufa. Kinachofanya ni kuondoa kinga iliyokuwa ikivibana virusi vingine. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita ya asiye navyo, na safari ile ya miaka 15 hadi 20 ya swali la 7 inaweza kufupishwa hadi miaka 5 hadi 10. Ndiyo maana uchunguzi kwake huanza akiwa na miaka 25, si 30.

Saratani ya Kaposi inaonyesha jambo hilo waziwazi. Ilielezwa na Moritz Kaposi mwaka 1872, lakini kirusi chake, HHV-8, kilipatikana mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Kina protini iitwayo LANA inayoishika p53, na nyingine inayoibana ATM. Mtu mwenye kinga nzuri hukibeba bila dalili. Kinga ikianguka hutokea mabaka meusi au ya zambarau kwenye miguu, mdomoni, hata ndani ya mapafu. Kwa baadhi ya wagonjwa ARV peke yake hupunguza mabaka hayo. Wengine wanahitaji na dawa za saratani.

## Chanjo, vipimo na tiba

13. Chanjo ya HPV inabadilisha DNA ya mtoto? Inafunga kizazi?

Hapana kwa yote mawili. Ndani ya chanjo kuna ganda la nje tu la kirusi, lililotengenezwa kwa protini iitwayo L1. Hakuna DNA ya kirusi, hakuna E6, hakuna E7. Mwili unajifunza kulitambua ganda na kukikamata kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kizazi hakiguswi.

Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sehemu ya ushahidi wa dozi moja ilitoka hapa hapa: utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulionyesha kwamba karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 miaka miwili baadaye.

14. Nina miaka 35. Nimechelewa?

Kwa chanjo, faida yake ni ndogo, kwa kuwa haikiondoi kirusi ambacho tayari kimeingia kwenye seli. Kwa uchunguzi, uko katika umri wenyewe hasa.

15. Kipimo cha siki kinaona nini?

Mhudumu hupaka asidi ya asetiki, yaani siki iliyopimwa kiasi chake, kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Seli zilizobadilika zina viini vikubwa na protini nyingi, na siki huzifanya ziwe nyeupe. Eneo hilo huunguzwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mama anarudi nyumbani. Kipimo hiki hakikioni kirusi. Kinaona kazi yake. Kipimo cha DNA ya HPV hukiona kirusi chenyewe, kina uhakika zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli. Kipimo cha damu cha HPV cha kumwambia mama kama yuko salama hakipo, yeyote atakayekuuzia.

16. Mionzi nayo inavunja DNA. Itaniponyaje, na kwa nini nirudi Ocean Road, hospitali ya saratani, wiki tano?

Linaulizwa zaidi na waliotoka mikoani wanaolipia chumba Dar es Salaam, na wana haki ya kupata jibu kamili.

Mionzi hukata nyuzi zote mbili za DNA, kwa seli ya saratani na ya kawaida iliyo jirani. Seli ya kawaida ina ulinzi wake: inasimama, inaita mafundi, na hadi kesho yake imeshajirekebisha kwa sehemu kubwa. Seli ambayo E6 na E7 zimeivuruga haisimami vizuri. Inaingia kwenye mgawanyiko na kromosomu zilizokatika, nayo hufia humo. Kirusi kiliilinda isijiue yenyewe. Hakikuilinda na hili. Kwa saratani za koo imeonekana katika tafiti nyingi kwamba zile zenye HPV zinaitikia mionzi vizuri kuliko zisizo nayo.

Dozi ikitolewa yote kwa siku moja, seli za kawaida za kibofu na utumbo zitakufa pamoja na uvimbe. Ikigawanywa kidogo kidogo, siku tano kwa wiki, kila usiku ni nafasi ya upande mmoja kupona kuliko mwingine. Kuruka siku kunaupa uvimbe nafasi hiyo hiyo, kwa hiyo ukikwama nauli au chumba, waambie wahudumu mapema badala ya kukaa kimya. Sisplatini, dawa ya saratani inayotolewa mara moja kwa wiki, hubandika herufi za DNA pamoja na kufanya ukarabati uwe mgumu zaidi.

17. Kuna dawa ya kuisafisha HPV mwilini?

Hakuna dawa ya hospitali inayoua HPV, na hakuna mchanganyiko wa mizizi uliothibitishwa kuiondoa. Kwa kuwa maambukizi mengi hutoweka yenyewe, kila muuzaji ana ushuhuda wa mteja "aliyepona". Hatari ni ile miezi inayopotea kwa mwenye mabadiliko ambayo yangetibiwa kwa dakika chache kituoni.

## Maswali ya pembeni

18. Kila kirusi kinachogusa ulinzi wa DNA huleta saratani?

La. Adenovirusi, zinazotupa mafua na macho mekundu, ni hodari kuliko HPV katika kuvuruga ulinzi huo: zinazisagisha p53 na Mre11, mojawapo ya protini zinazoishtua ATM. DNA yao ni uzi wenye ncha mbili, na bila kufanya hivyo seli ingeziunganisha ncha na kukiharibu kirusi. Mwaka 1962 ilionyeshwa kwamba aina moja huleta uvimbe kwa hamsta, mnyama mdogo wa maabara anayefanana na panya, lakini kwa binadamu hazijathibitishwa kusababisha saratani. Sababu kubwa ni kwamba seli ya binadamu iliyoingiwa nazo hufa kwa siku chache, na seli iliyokufa haigeuki saratani. Kinacholeta hatari ni ulinzi uliovurugwa ndani ya seli inayoendelea kuishi.

19. Kichocho cha kibofu je?

Kichocho husababisha saratani ya kibofu, ila ni minyoo, si kirusi. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuleta uvimbe wa miaka mingi, njia inayofanana na ya homa ya ini C katika swali la 10.

20. Ulinzi uliovurugwa unaweza kugeuzwa kuwa udhaifu wa saratani?

Wazo hilo tayari lina dawa, ila si za saratani za virusi. Olaparibu hutumika kwa baadhi ya saratani za ovari na matiti zenye BRCA mbovu: seli imepoteza fundi mmoja, dawa inamwondoa wa pili, nayo inashindwa kuishi. Dawa za kuibana ATR bado ziko kwenye majaribio.

21. Nimesikia kuna virusi vinavyotibu saratani. Ni kweli?

Ni kweli, na historia yake inaanzia kwa adenovirusi za swali la 18. Watafiti waliondoa E1B-55K, protini ambayo kirusi hutumia kuikabili p53, wakitegemea kwamba kirusi kilichobaki kitashindwa kwenye seli yenye p53 nzima na kushamiri ndani ya seli ya saratani isiyo nayo. Baadaye ilionekana kwamba sababu ya kuchagua kwake seli za saratani si p53 peke yake kama walivyodhani, lakini kirusi cha namna hiyo, H101, kiliidhinishwa China mwaka 2005 kwa saratani za kichwa na shingo. Marekani iliidhinisha kirusi cha malengelenge kilichobadilishwa mwaka 2015, kwa saratani ya ngozi ya melanoma, nacho hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe.